Analipwa dola, mbona hana?

Mama mmoja wa Bunda alimwandikia kijana wake aliyeko Marekani: “Baba, dola 300 tu, tumalizie bati.” Jibu lilikuja baada ya siku mbili: hana. Mama akasema mtoto amebadilika. Kwa hesabu ya Bunda alikuwa na haki ya kununa. Hizo ni zaidi ya laki saba, na huko si wanalipwa dola?

Wanalipwa dola, mzazi mwenzangu, na wanatumia dola hizo hizo. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Saa 40 kwa wiki ni dola 290 kabla ya makato. Majimbo mengi yanalipa zaidi ya hapo, lakini katika miji mikubwa nyumba ya chumba kimoja hupita dola 1,000 kwa mwezi, na hakuna shangazi wa kukuletea dagaa kutoka Mwigobero.

Mwaka 2023 idara ya sensa ya nchi hiyo ilihesabu watu milioni 36.8 walio chini ya mstari wa umaskini, asilimia 11.1. Hao ni wenye dola yao! Wakati huo sisi minofu ya sangara ya Musoma na dhahabu ya Mara tunaziuza nje kwa dola, na shilingi yetu, iliyozaliwa 1966 Mwalimu wa Butiama akiwa Rais, kila asubuhi inapimwa kwa dola.

Nguvu hiyo ina upande wa pili. Kila nchi inataka kuweka akiba ya dola, basi dola inapanda bei. Mmarekani ananunua shati la Bangladesh kwa bei nafuu, ila yule aliyekuwa akishona mashati kwao anakosa kazi. Si dola peke yake, mashine nazo zimo. Waliokulia Musoma wakati wa MUTEX wanajua mtaa unavyokuwa kiwanda kikinyamaza.

Mwezi uliofuata mama yule aliuliza tofauti: “Baba, ukishalipa kodi unabaki na ngapi?” Kijana akamtajia vyote: kodi, nauli, bima, chakula. Zilibaki dola 60. Akatuma 40.

Bati zinasubiri mauzo ya pamba.