Kibali Kilichoandikwa kwenye Bodi

Kijana mmoja aliniletea kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, uso umemkunjamana. Ndani mlikuwa na prosesa ya Intel Core i7-8700K, na hiyo K ya mwisho alikuwa ameilipia makusudi: ni alama ya Intel kwamba kizidisho hakikufungwa, mwenyewe unaweza kupandisha kasi kupita kipimo cha kiwandani. Siku tatu alikuwa akihangaika kwenye BIOS na kizidisho hakisogei. "Fundi, wameniuzia mbovu?" Nikafungua kifuniko, nikasoma maandishi ya bodi mama: B360, jina la chipuseti isiyoruhusu kizidisho kuguswa. Prosesa ilikuwa nzima kabisa. Ufunguo alikuwa nao, mlango ndio hakuununua.

Prosesa hupokea mapigo ya msingi, kwa kawaida megahetsi 100, kisha huyazidisha. Ukiweka 43 unapata gigahetsi 4.3; ukiweka 50, unapata 5. Kupandisha kasi siku hizi ni kubadili namba hiyo na kuongeza volti kidogo ili prosesa isiyumbe. Hesabu yote inafanyika ndani ya prosesa. Chipuseti, ile chipu iliyojificha chini ya kipoza joto kidogo pembeni mwa bodi, inashughulikia USB, diski na kadi za ziada. Kwa nini basi ndiyo yenye kauli ya mwisho?

Zamani ilistahili kauli hiyo. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu iliyozidisha megahetsi 66 kwa 4.5. Kizidisho kilifungwa, lakini mapigo ya msingi yalitoka kwenye bodi, na chipuseti ya 440BX iliundwa kuhimili megahetsi 100. Watu waliipachika kwenye bodi kama Abit BH6, wakapandisha 66 kuwa 100, na prosesa nyingi zikatulia kwenye megahetsi 450. Mzigo wa kweli ulikuwa juu ya chipuseti, kwa sababu hata kidhibiti cha RAM kilikaa humo. Iliyo dhaifu ilikuangusha.

Kisha kazi zikaanza kuhama. AMD iliingiza kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa kwa Athlon 64 mwaka 2003. Intel ikafuata 2008. Mwaka 2011, kwa kizazi cha Sandy Bridge, Intel iliyafunga mapigo ya msingi pamoja na karibu kila kitu kingine, hata ukiyapandisha kwa asilimia chache tu mashine inaanza kuyumba. Ikabaki njia ya kizidisho, na hapo ndipo chipuseti ilipogeuzwa bawabu. P67 iliruhusu, H67 ikakataa. Mwaka huohuo ikaja Z68, na tangu hapo herufi Z ndiyo kibali cha Intel kwa kompyuta za kawaida.

Nasema kibali kwa sababu mwaka 2013 baadhi ya watengenezaji wa bodi walifungua kizidisho kwenye chipuseti za H87 na B85 kwa kubadilisha BIOS tu, na prosesa zikapanda. Intel ikauziba mwanya huo kwa masasisho. Chuma kiliweza, kilichokosekana ni ruhusa.

AMD ni wakarimu zaidi. Karibu prosesa zake zote za Ryzen za kompyuta za mezani hazikufungwa, na bodi za X na B, kama B450, B550 na B650, zinakubali; zinazokataa kupandisha prosesa ni za ngazi ya chini, kama A320 na A620. Na hapa ndipo pesa za watu hupotea. X670 si chipu yenye nguvu zaidi ya B650: ni chipu ileile, zikiwa mbili zilizounganishwa mfululizo. Unacholipia ni matundu mengi zaidi ya USB na diski. Prosesa haipati hata megahetsi moja ya ziada kwa sababu ya chipu hiyo ya pili. Mwenye kadi moja ya picha na diski mbili, sioni anaitafutia nini X.

Ukishahakikisha kibali kipo, sahau chipuseti, tazama umeme. Vipande vilivyozunguka soketi, vinavyoitwa VRM, hushusha volti 12 za pawasaplai hadi volti moja na ushee ya prosesa. Nguvu inayoliwa hukua pamoja na kasi, na hukua kwa mraba wa volti. Tuseme 8700K ile inatoka gigahetsi 4.3 kwenda 5, na volti kutoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 16. Umeme, kwa takriban asilimia 47. Bodi yenye Z kubwa kwenye boksi lakini VRM zake ziko uchi, bila kipoza joto juu yake, itapata moto na kuishusha prosesa chini ya pale ulipoanzia. B650 iliyovikwa vizuri huishinda bodi ya X iliyojaa taa za rangi. Na chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 huanza mbio nyuzi kumi juu ya maabara yenye kiyoyozi cha nyuzi 22. Matokeo uliyoyasoma kwingine yaongezee tofauti hiyo.

Wanaoniuliza kuhusu Dell OptiPlex zilizotumika, ambazo maduka yetu yamejaa: nyingi zina chipuseti za Q, kama Q77 na Q87, zilizolenga maofisi. Kupandisha kasi humo msahau. Ongezeni RAM na SSD.

RAM nayo ina kibali chake. Kwa Intel, bodi za B ziliruhusiwa kuipandisha kuanzia B560, mwaka 2021. B360 ya kijana wetu inaishia kasi ya 2666, hata ukiipa RAM ya 3600. Hilo lilimuuma kuliko kizidisho, maana RAM ya 3600 ndiyo aliyokuwa ameinunua.

Akataka kwenda siku hiyohiyo kutafuta Z370 iliyotumika. Nikamwambia kabla ya kulipa anitumie picha ya bodi yenyewe, si ya boksi, na isogee karibu kabisa na soketi.