Modeli za Ndege na Roketi: Kipimio Hutufundisha Nini?

Mwishoni mwa mwaka 1878, nchini Marekani, Askofu Milton Wright alirudi nyumbani jioni akiwa ameficha kitu mikononi mwake. Kabla wanawe wawili hawajaweza kukiona, alikirusha hewani. Kitu hicho hakikuanguka chini kama walivyotazamia. Kilipaa hadi kwenye dari, kikapapatika hapo kwa muda, ndipo kikashuka sakafuni. Kilikuwa ni kichezeo kilichoundwa kwa mwanzi, kizibo na karatasi, nacho kiliendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Wilbur alikuwa na umri wa miaka 11, Orville miaka 7. Watoto hao wakakiita "popo".

Kichezeo kile kilikuwa dhaifu na hakikudumu. Hata hivyo watoto wale hawakukisahau. Waliunda mapopo mengine wenyewe, na kila mara wakajaribu kuunda kubwa zaidi. Hapo ndipo walipokutana na jambo la ajabu: kadiri popo alivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyoshindwa kuruka. Miaka 30 baadaye, walipokwisha kuwa watu mashuhuri duniani, ndugu hao waliandika kwamba wakati ule hawakujua kuwa chombo chenye vipimo maradufu huhitaji nguvu mara nane. Kwa kukata tamaa wakarudia tiara zao.

Watu wengi hudhani kwamba kuunda modeli za ndege na za vyombo vya angani ni mchezo wa watoto, au ni kazi ya kupamba rafu tu. Katika makala haya tutaonyesha kwamba modeli ni chombo cha elimu, ila humfundisha yule tu anayepima na kuuliza. Asiyeuliza anaweza kudanganywa nayo, hata akiwa mtaalamu mkubwa.

KIPIMIO NI NINI?

Kila mwanafunzi aliyesoma jiografia anajua kipimio cha ramani. Modeli nayo ina kipimio chake. Tukisema kwamba modeli ya ndege ni ya kipimio cha 1 kwa 72, maana yake ni kwamba kila sentimeta moja ya modeli inasimama mahali pa sentimeta 72 za ndege halisi. Namba hii ya 72 haikuchaguliwa ovyo. Ilitokana na vipimo vya Kiingereza, ambapo inchi moja ya modeli ilisimama mahali pa futi sita. Vipimio vingine vinavyotumiwa sana ni 1 kwa 48 na 1 kwa 144.

Natuchukue mfano wa ndege ya Fokker F27, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana sana katika viwanja vya Afrika ya Mashariki. Shirika la ndege la East African Airways lilikuwa nazo, na baada ya shirika hilo kuvunjika mwaka 1977, mashirika ya Kenya na Tanzania pia yalizitumia. Upana wa ndege hiyo, toka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili, ni meta 29. Tukigawanya kwa 72 tunapata sentimeta 40 na ushei. Modeli hiyo itatosha vizuri juu ya dawati la mwanafunzi.

Kufikia hapo mambo ni rahisi. Urefu umepunguzwa mara 72. Lakini je, eneo la mabawa nalo limepungua mara 72? Na uzito je?

UREFU, ENEO NA UJAZO

Eneo ni urefu mara upana, na vyote viwili vimepunguzwa. Kwa hiyo eneo hupungua kwa kipeo cha pili cha kipimio: 72 mara 72, yaani mara 5,184. Ujazo una vipimo vitatu, urefu, upana na kimo, hivyo hupungua kwa kipeo cha tatu: mara 373,248. Iwapo vifaa ni vilevile, uzito hufuata ujazo.

Tuone matokeo yake. F27 iliyojaa abiria, mizigo na mafuta huwa na uzito wa tani 20 hivi, na mabawa yake yana eneo la meta za mraba 70. Kwa hiyo kila meta moja ya mraba ya bawa hubeba kilo 286 hivi. Kama tungeweza kuipunguza ndege nzima mara 72 bila kubadili kitu kingine, ingekuwa na uzito wa gramu 54 tu, na mabawa yake yangekuwa na eneo la sentimeta za mraba 135. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila meta ya mraba ya bawa la modeli ingebeba kilo 4 tu. Mzigo juu ya bawa umepungua mara 72, ingawa umbo halikubadilika hata kidogo.

Hii ndiyo sababu modeli nyepesi huelea hewani polepole, hali ndege kubwa hulazimika kukimbia sana uwanjani kabla ya kuinuka. Tukigeuza hesabu tunapata jibu la watoto wa Askofu Wright. Chombo kinapokuzwa mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Uzito huyashinda mabawa mbio.

Jambo lilo hilo huhusu uimara. Nguvu ya mti au chuma hutegemea unene wa mkato wake, ambao ni eneo. Lakini mzigo wake hutegemea ujazo. Mtoto wa mbuzi huruka juu ya miamba kwa miguu myembamba, bali tembo anahitaji miguu kama magogo.

MKASA WA LANGLEY

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1896 Samuel Langley, mwanasayansi aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, aliunda modeli kubwa yenye mabawa ya upana wa meta 4.2 na uzito wa kilo 11 hivi, ikiendeshwa kwa injini ndogo ya mvuke. Tarehe 6 Mei mwaka huo modeli hiyo, isiyokuwa na mtu ndani yake, ilirushwa kutoka juu ya mashua katika mto Potomac, ikaruka umbali wa meta 1,000 hivi. Hapajapata kuwa na chombo cha injini kizito kuliko hewa kilichoruka mbali namna hiyo.

Serikali ya Marekani ilifurahishwa, ikampa Langley dola 50,000 aunde ndege ya kubeba mtu. Langley alishika njia ambayo wengi wetu tungeishika: alichukua umbo la modeli iliyofaulu akalikuza. Ndege yake kubwa ilikuwa na mabawa ya upana wa meta 14.8, yaani mara tatu na nusu ya modeli. Kwa hesabu tuliyoijifunza, eneo lingeongezeka mara 12, lakini uzito ungeongezeka mara 43, na kufikia kilo 470 na zaidi. Ndege yenyewe, pamoja na rubani, ilikuwa na kilo 340. Ili kupata wepesi huo, ilibidi viungo vyake viwe vyembamba kuliko vile vya modeli kwa kadiri ya ukubwa wao, hali vilikuwa na mzigo mzito zaidi wa kuchukua.

Tarehe 7 Oktoba 1903 ndege hiyo ilirushwa kutoka juu ya mashua ikiongozwa na mhandisi Charles Manly. Ikatumbukia mtoni moja kwa moja. Ikatengenezwa, na tarehe 8 Desemba ikajaribiwa tena. Safari hii sehemu yake ya nyuma ilivunjika wakati wa kurushwa, na Manly nusura azame katika maji ya baridi kali. Langley mwenyewe alilaumu mtambo wa kurushia. Wahandisi waliochunguza mambo hayo baadaye wameona pia kwamba kiunzi cha ndege kilikuwa dhaifu mno kwa ukubwa wake.

NDUGU WRIGHT WARUDIA MODELI

Siku tisa tu baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, wale watoto wa popo, sasa wakiwa watu wazima, waliruka kwa ndege yao huko Kitty Hawk. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12. Je, wao hawakutumia modeli? Walitumia, tena nyingi, ila kwa namna nyingine.

Mwaka 1901 nyiya yao ya majaribio, yaani ndege isiyo na injini, ilikuwa imewavunja moyo kwa kutoinuka kama vitabu vya wakati ule vilivyoahidi. Waliporudi kwao Dayton waliunda sanduku refu la mbao, la urefu wa meta 1.8, wakaweka feni ya kupuliza upepo ndani yake. Humo walipima mabawa madogo ya bati la chuma, ya maumbo 200 hivi, moja baada ya jingine, kwa mizani waliyoibuni wenyewe. Hawakuichukulia modeli kuwa ndege iliyopunguzwa, bali kuwa swali moja lililotengwa na mengine: umbo gani la bawa huinua zaidi? Waligundua kwamba bawa refu na jembamba hufaa kuliko bawa fupi na pana. Nguvu na uimara wa ndege nzima walizikadiria peke yake, kwa hesabu.

Tofauti kati ya Langley na ndugu hao yatupasa kuikumbuka. Langley aliiamini modeli yote. Wao waliuliza modeli yaweza kujibu nini, na nini haiwezi.

MODELI KWA AJILI YA MACHO

Yako mambo ambayo modeli huyajibu bila hitilafu yoyote, nayo ni mambo ya umbo. Mapema mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari waunde modeli 500,000 za ndege za aina 50, za kirafiki na za adui. Modeli hizo zilichongwa kwa mbao kwa kipimio cha 1 kwa 72, zikapakwa rangi nyeusi, ili wapiga mizinga na marubani wajifunze kuzitambua ndege kwa umbo lake. Aliyekosea angeweza kumpiga mwenzake.

Sababu ya kutumia kipimio kimoja ni ya kijiometria. Modeli ya 1 kwa 72 ikitazamwa kutoka umbali wa meta 10, huonekana kwa ukubwa uleule wa ndege halisi iliyo umbali wa meta 720. Pembe inayofanywa machoni ni ileile. Ndiyo maana modeli iliyochongwa kwa kukisia, hata ikipendeza, haikuwa na faida.

ROKETI YA PWANI YA KENYA

Anayependa vyombo vya angani hana haja ya kwenda mbali kutafuta cha kuiga. Katika bahari iliyo kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma yaliyoitwa San Marco, na toka mwaka 1967 hadi 1988 satelaiti zilirushwa kutoka hapo. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure wa karibu kilometa 1,670 kwa saa. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka katika nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Roketi iliyoibeba iliitwa Scout. Ilikuwa na urefu wa meta 23 hivi, na sehemu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na fueli yabisi yake. Kwa kipimio cha 1 kwa 50, modeli yake itakuwa na urefu wa sentimeta 46, nayo yaweza kuundwa kwa mirija ya karatasi ngumu. Sasa mwulize mwanafunzi: kwa kipimio hicho, Uhuru ingezunguka juu kiasi gani? Njia yake ilikuwa kilometa 550 hivi juu ya ardhi. Gawanya kwa 50, utapata kilometa 11. Kitu cha urefu wa mkono kinapaswa kupanda kilometa 11! Na satelaiti yenyewe, yenye kilo 140 hivi, ndiyo sehemu ndogo tu iliyo kwenye ncha.

Hapa yafaa tuonye: modeli ya roketi iwe ya kutazamwa tu. Kujaza mirija baruti au viberiti kumewapotezea vijana vidole na macho.

JARIBIO LA KUFANYWA SHULENI

Kwa jaribio lifuatalo zahitajiwa karatasi za manila, wembe, rula, gundi, udongo wa mfinyanzi na mizani ya maabara.

1. Unda nyiya ndogo ya manila yenye mabawa ya upana wa sentimeta 20. Bandika udongo kidogo puani hadi nyiya isimame sawasawa ikishikwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Irushe taratibu, ukiongeza au kupunguza udongo mpaka ishuke bila kupiga mbizi.

2. Unda nyingine ya umbo lilelile, kila kipimo kikiwa maradufu. Usisahau unene: gandisha manila mbili pamoja. Udongo wa puani nao uwe mara nane.

3. Zipime zote mbili. Je, uzito umeongezeka mara nane? Gundi italeta tofauti ndogo, mwanafunzi aieleze.

4. Zirushe zote mbili ukumbini, mahali pasipo upepo. Hesabu yatuambia kwamba ile kubwa itahitaji mwendo wa mara 1.4 hivi ili ielee.

5. Shika kila moja kwa ncha ya bawa, uone ipi inajipinda zaidi.

Mwalimu asiwaambie wanafunzi majibu mapema. Wacha nyiya kubwa ianguke, na wacha waulize kwa nini. Swali hilo ndilo lililowashinda Wilbur na Orville sakafuni mwa nyumba yao, na walipolipatia jibu, mwanadamu aliruka.