Mgongo wa Fundi wa Nyumbani

Wengi wetu wafanyakazi tukitoka zamu hatujamaliza kazi. Hapa Bujumbura, hasa mitaa kama Buyenzi, si ajabu kusikia cherehani ikilia usiku: mshahara haukutosha, tajiri kaleta mashati ya kushonea nyumbani. Na mgongo ule ule ndio unaorudi kazini alfajiri.

Tuanze na kiti, maana hapo ndipo tunapojiumiza. Tunakalia kigoda, hata ndoo iliyopinduliwa, mabega yakipanda hadi masikioni. Kiti kiwe na egemeo. Kimo chake kiwezeshe mapaja kulala sawa, nyayo zote mbili zikanyage pedali, na viwiko vilingane na meza ya cherehani. Kikiwa kifupi, mto wa vipande vya nguo unatosha, na vipande havikosekani kwa fundi! Mwanga wa dirisha utoke kushoto, mkono usitie sindano kivuli.

Pasi ya mkaa iwashwe nje, na chumba kiwe wazi wakati wa kuitumia. Sumu ya mkaa haina harufu, nayo huua.

Kila nusu saa tusimame. Lakini anayelipwa kwa shati atasimamaje? Mkataba nambari 177 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1996, unataka anayemfanyia mwajiri kazi nyumbani alindwe afya yake kama wa kiwandani. Basi tukipatana bei na tajiri, dakika za kunyoosha mgongo nazo zihesabiwe ndani ya bei ya shati.