Gari la Spoti Ndani ya Makasha

Wengi hudhani anayejiundia gari la spoti nyumbani anakimbia bei tu. Historia ya Lotus Seven, gari dogo la Mwingereza Colin Chapman lililoanza kuuzwa mwaka 1957, inawaunga mkono kiasi. Enzi hizo nchini Uingereza gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipuri vikasamehewa. Basi kampuni yake, Lotus, ikauza chesisi ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini na injini mbalimbali, mteja akafunge mwenyewe. Lakini mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa, VAT ikashika nafasi yake, na mwanya ukazibika. Kama unafuu ndio uliokuwa roho ya jambo, biashara ingekufa. Haikufa: mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza, na mpaka leo huuza gari hilo kwa vipande.

Kinachonunuliwa sasa, kwa maoni yangu, ni ujuzi. Aliyefunga breki kwa mkono wake anajua kila mrija unapopita. Je, asiye fundi aachiwe barabara? Swali la haki, ila Uingereza haisajili gari la namna hiyo mpaka lipite ukaguzi maalumu: breki, taa, usukani, moshi, hata kingo kali za bodi. Pingamizi zito ni gharama. Zana, nafasi na jioni nyingi mno vyote vina bei, na fedha hizohizo zingenunua gari zuri la mtumba. Anayetaka usafiri tu, anunue hilo.