Kasoro za Hoja za Njama, Kutoka Ziwani Hadi Maduarani

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekwisha kuukaribia mji wa Mwanza, wakaangamia watu zaidi ya 800, na miongoni mwao alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyekuwa mkuu wa mambo ya vita wa kundi la Al-Qaeda, ambaye wenzake, walipopata habari za kifo chake, walituma watu, akiwamo Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, waje mpaka ziwani kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Msomaji wa Geita au Shinyanga aliyezoea mazungumzo ya vijiweni ataona mara moja jinsi mambo hayo mawili yanavyotamanisha kufungwa fundo moja: mtu wa siri kubwa amekufa katika msiba mkubwa, basi msiba wenyewe lazima ulipangwa.

Wataalamu wa saikolojia wameichunguza sana tabia hiyo ya akili ya mwanadamu, ya kutaka sababu iwe na kimo sawa na tukio lake, hata ikaona uchungu kukubali kwamba roho za mamia zimepotea kwa jambo dogo na la aibu kama kupakia kupita kiasi. Meli ile iliruhusiwa abiria 430, nayo ilibeba zaidi. Na chombo kilichojazwa watu na mizigo sehemu za juu hupandisha kitovu chake cha uzito, hata kikilala upande kidogo tu kinakosa nguvu ya kujirudisha wima. Tazama pia lile lililofuata, ambalo ndilo linalosimuliwa kwa machungu mpaka leo: meli ilipokuwa ikielea kifudifudi na watu wakiwa hai ndani yake, waokoaji walikata tundu katika bamba la chuma ili wawatoe, na ile hewa iliyonaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatoka, maji yakashika mahali pake, chombo kikazama. Mwenye dhana ya njama huuliza ni nani aliyeamrisha mashahidi wafe. Mwenye kujua habari za hewa na maji hana haja ya swali hilo, kwa kuwa haraka, huruma na uhaba wa vifaa vyatosha kabisa kuyaeleza yaliyotokea. Taksiri ilikuwapo, na ni wajibu kuilaumu, lakini taksiri si hila.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya kundi hilohilo la Al-Qaeda yalilipuliwa karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 213 kule na 11 huku. Kwa kuwa Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja, si vigumu kumpata mtu atakayekuapia kwamba Wamarekani wenyewe walijua, au walijilipua. Na hoja hii, ambayo kwa nje inapendeza, inafaa kupimwa kwa utulivu. Gari la bomu lilipofika langoni lilizuiwa na boza la maji lililokuwa likihudumia ubalozi, na boza hilo likapokea sehemu kubwa ya kishindo, likarushwa hewani mpaka likalipiga jengo. Walioangamia wakawa wale walinzi na watu wa kazi waliokuwa karibu na lango. Nairobi, ambako hakukuwa na boza, walikufa Wamarekani 12. Sasa, ikiwa kunusurika kwao Dar es Salaam ni dalili ya kujua, ingepasa kufa kwao Nairobi kuwe dalili ya kutojua. Lakini mshika dhana hujibu kwamba wale wa Nairobi walitolewa kafara ili siri isigundulike. Hapo hoja imejifungia mlango wa ndani, kwa maana ushahidi wa kuiunga mkono ni ushahidi, na ushahidi wa kuipinga nao umegeuzwa kuwa ushahidi, wala halibaki jambo lolote duniani ambalo likionekana litamfanya mwenye dhana akiri kuwa amekosea. Dhana ya namna hiyo haina nguvu. Kinachoifanya isishindwe ni kwamba haikubali kupimwa.

Hata Balozi Prudence Bushnell, aliyeiandikia serikali yake kabla ya shambulio kwamba jengo la Nairobi halikuwa salama, lakini hakusikilizwa ipasavyo, hutajwa kama burhani ya njama, ilhali kila mchimbaji aliyewahi kuomba matimba mapya, yaani magogo ya kuzuia duara (shimo la mgodi) lisiporomoke, akaambiwa asubiri anajua vema jinsi onyo linavyopuuzwa bila mtu yeyote kukusudia mauti.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walibainisha jambo la ajabu: kadiri mtu alivyosadiki kwamba Osama bin Laden alikuwa amekwisha kufa kabla ya kuvamiwa Pakistan mwaka 2011, ndivyo alivyoelekea zaidi kusadiki pia kwamba yu hai. Kauli mbili zinazobatilishana zilikaa pamoja kichwani, kwa kuwa kilichoaminiwa hasa hakikuwa habari yenyewe, bali kwamba wakubwa wanaficha.

Sisemi kwamba hakuna njama. Mashambulio ya 1998 yenyewe yalikuwa njama, nayo ilifichuka kwa alama ilizoacha: nyumba iliyopangwa Ilala, gari lililonunuliwa, watu waliokamatwa Karachi, Nairobi na Cape Town, hata mwaka 2001 wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha huko New York. Wala watu wa ukanda wa dhahabu hawakosi haki ya kushuku. Mwaka 2017 tuhuma za makinikia (mchanga wenye madini) ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi zilipelekewa mizani na maabara, baadhi ya makontena 277 yakachukuliwa sampuli, na matokeo yakabishaniwa kwa hesabu. Shaka ya namna hiyo ni halali, kwa kuwa imekubali kupimwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hoja ileile ya kafara ya Nairobi inaishi maduarani kwetu, na huko inaua. Dhahabu ya Geita imelala katika mishipa myembamba ya mawe meupe ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, nayo hukatika na kutokea tena bila taratibu, hata jirani wa hatua chache akapata nawe ukakosa. Aliyekwenda kwa mganga kutafuta bahati kisha akapata husimuliwa karashani, kwenye kusagia mawe, na mwaloni mwaka mzima. Aliyekwenda akakosa hunyamaza kwa aibu, au huambiwa alivunja masharti. Aliyepata pasipo kwenda huambiwa alikwenda kwa siri. Kwa hesabu hiyo mganga hashindwi kamwe, na ndiyo iliyozaa imani kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta mali, ilhali ualbino ni upungufu wa rangi ya melanini, urithi unaotoka kwa wazazi wote wawili, ambao wao wenyewe aghlabu hawana dalili yoyote, na haja kubwa ya mwenye nao ni kofia, mafuta ya kukinga jua na uchunguzi wa kansa ya ngozi. Kadhalika bibi wa Shinyanga mwenye macho mekundu, aliyepikia kuni na samadi maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, anahitaji zahanati. Lakini wangapi wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho hayo, na kukana kwao kukahesabiwa kuwa ndiyo ithibati!

Mwezi Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama, baada ya kusikiliza mashahidi, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa wilaya ya Bukombe, nayo ikawa hukumu ya kwanza ya namna yake nchini.