Nauli Nafuu Hutoka Wapi? Safari Fupi ya Ndege Kutoka Dublin Hadi London

Kutoka Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, hadi kiwanja cha ndege cha Stansted kilichoko kaskazini-mashariki ya London, ni mwendo wa karibu kilomita 470 kwa njia ya anga. Umbali huo umezidi kidogo tu ule wa Nairobi hadi Mombasa. Shirika la ndege la Ryanair hupita njia hiyo kila siku, na mtu anunuaye tiketi mapema, katika majira yasiyo na wasafiri wengi, huweza kulipa nauli isiyofikia hata gharama ya teksi ya kumpeleka kiwanjani. Hapo ndipo watu wengi huingiwa na shaka. Je, ndege inayotoza nauli ndogo hivyo hupunguza nini? Je, haipunguzi usalama wa abiria?

Mpenzi wa ndege akisafiri katika njia hiyo, akiwa na saa ya mkononi na macho makini, anaweza kupata sehemu kubwa ya jibu kabla ya ndege kuruka.

Saa ndiyo mwalimu wa kwanza

Ndege iingiapo Dublin, milango miwili hufunguliwa, wa mbele na wa nyuma, ili abiria washuke kwa pande zote mbili. Ndege nyingi za shirika hilo, aina ya Boeing 737-800, zina ngazi yake zenyewe mlango wa mbele, hivyo hazilazimiki kungoja ngazi ya kiwanja. Viti havina mifuko ya kutilia magazeti, na maelezo ya usalama yamebandikwa mgongoni mwa kiti cha mbele. Kwa hiyo takataka huwa chache na usafi hufanywa upesi. Shabaha ni kuiandaa ndege kwa safari nyingine katika muda wa dakika 25.

Maarifa haya hayakuanzia Ayalandi. Shirika la Southwest la Marekani lilianza safari zake katika jimbo la Texas mwaka 1971. Mwaka 1972 lilibanwa na ukosefu wa fedha, likauza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo. Ili ratiba isivunjike, wafanyakazi walijizoeza kuitayarisha ndege kwa dakika 10 tu. Ndege tatu zikafanya kazi ya nne. Ryanair, iliyoanza mwaka 1985 kwa ndege ndogo ya abiria 15, iliufuata mfano huo katika miaka ya 1990, wakati nchi za Ulaya zilipokuwa zikilegeza sheria zilizozuia ushindani wa mashirika ya ndege.

Faida ya dakika hizo huonekana kwa hesabu rahisi. Ichukuliwe kwamba kila safari huchukua dakika 75, tangu ndege kuondoka mahali pake hadi kusimama mwisho wa safari, na kwamba siku ya kazi ni ya saa 14, yaani dakika 840. Ndege ikikaa chini dakika 60 baina ya safari, itamaliza safari 6, kwa maana safari ya saba ingevuka muda. Ikikaa dakika 25 tu, itamaliza safari 8, nazo zitachukua dakika 775. Kwa kuwa ina viti 189, safari mbili za ziada ni viti 378 kila siku. Gharama ya kununua au kukodi ndege haikuongezeka, bali imegawanywa kwa watu wengi zaidi.

Kupanda ni mzigo

Ndege ikisharuka, mpenzi wa ndege huona jambo la pili: safari yote ni kupanda na kushuka, na mwendo wa usawa huko juu ni wa muda mfupi. Sababu za kutumia nishati nyingi katika kupanda zaweza kukadiriwa kwa fizikia ya shule. Nishati ya kuinua kitu ni zao la masi, mvutano wa dunia na kimo. Ndege yenye masi ya kilo 60,000 ikiinuliwa mita 9,000, nishati inayohitajika ni 60,000 × 9.8 × 9,000, yaani takriban jouli bilioni 5.3.

Kilo moja ya mafuta ya ndege, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa, hutoa jouli milioni 43 hivi. Kama injini ingegeuza nishati yote kuwa kazi, kilo 123 zingetosha. Lakini ni kama theluthi moja tu inayogeuka kuwa kazi ya kuisukuma ndege, kwa hiyo zahitajika kilo 370 hivi kwa kuinua peke yake, mbali na zile za kuongeza mwendo na kushinda ukinzani wa hewa. Sehemu ya nishati hiyo haipotei. Wakati wa kushuka, rubani hupunguza nguvu za injini, na ndege huteleza hewani kwa zaidi ya kilomita 100, ikitumia kimo ilichokipata.

Kwa makadirio, safari kama hii hutumia tani 2 hadi 3 za mafuta. Zikiwa kilo 2,500, na viti vyote 189 vimejaa, fungu la kila abiria ni kilo 13 hivi. Iwapo abiria ni 126 tu, fungu hilo hufika karibu kilo 20. Ndiyo sababu shirika la nauli nafuu huogopa kiti kitupu kuliko abiria aliyelipa kidogo.

Yasiyopunguzwa

Sasa swali la usalama. Idadi ya viti haitegemei tamaa ya mwenye ndege peke yake. Kabla aina ya ndege ya ukubwa huu haijaruhusiwa kubeba watu, sharti idhihirishwe kwamba wote waliomo waweza kutoka katika sekunde 90, hali nusu ya milango ya dharura haitumiki. Kwa Boeing 737-800 kikomo cha abiria ni 189. Sheria hutaka pia mhudumu mmoja kwa kila viti 50, hivyo wahudumu hawapungui wanne. Mafuta ya akiba ni lazima, yakiwamo ya kuruka dakika 30 zaidi baada ya kufika kiwanja cha pili endapo cha kwanza kimefungwa. Rubani wa Ulaya haruhusiwi kuzidi saa 900 za safari katika mwaka mmoja wa kalenda. Masharti haya humfunga mwenye nauli kubwa na mwenye nauli ndogo sawasawa. Nazo dakika 25 ni shabaha wala si amri: ndege yenye hitilafu haiondoki.

Kutumia ndege za aina moja, au aina chache zinazofanana, kwaweza hata kusaidia, maana marubani na mafundi huzoea mtambo uleule, na ghala la vipuri huwa dogo.

Hata hivyo, si kila kilichopunguzwa hakimgusi abiria. Nauli iliyotangazwa aghalabu haihusishi mzigo mkubwa wala uchaguzi wa kiti. Asiyesoma masharti huweza kulipa kuliko alivyodhani. Yafaa kulinganisha gharama nzima, wala si nauli tupu.

Deni la hewa

Lipo pia deni lisiloandikwa katika tiketi. Kila kilo ya mafuta ya ndege inayoungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa, kwa kuwa kaboni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani. Katika mfano uliotangulia, abiria wa ndege iliyojaa huacha nyuma kilo 42 hivi. Ndege iliyojaa ni bora kuliko iliyo nusu tupu, lakini nauli nafuu huwavuta watu wasafiri mara nyingi zaidi, na jumla ya hewa ukaa huongezeka.

Afrika Mashariki nayo imelionja jambo hili. Fastjet ilianza safari zake Tanzania mwaka 2012 na kusimama mwaka 2018. Jambojet ilianza Kenya mwaka 2014, na baadaye ikageukia ndege za rafadha aina ya Dash 8-400. Rafadha husukuma hewa nyingi kwa mwendo wa taratibu kuliko injini ya jeti, hivyo katika safari fupi huokoa mafuta.

Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wenye saa kwenye kituo cha basi kilicho karibu. Wapime dakika ambazo basi husimama na dakika ambazo hutembea, kisha wakokotoe safari ambazo zingeongezeka kwa siku kama muda wa kusimama ungepunguzwa nusu. Mwisho wajadili ni dakika zipi zinazoweza kuondolewa, na ni zipi, kama zile za kukagua breki na magurudumu, zisizopasa kuguswa kamwe.