Padre kuitwa kwa mgonjwa si tangazo la kifo

SINGIDA. Padre anapoingia wodini akiwa na stola shingoni na kichupa kidogo cha mafuta mkononi, mazungumzo kwenye vitanda vya jirani hukatika. Ndugu hutazamana, na wengine hutoka nje kufuta machozi. Kwao ujio huo una maana moja tu: daktari ameshindwa.

Hofu hiyo huzifanya baadhi ya familia za Kikatoliki zichelewe kumwita padre. "Bado hajafikia huko," husema ndugu, wakiogopa kumkatisha tamaa mgonjwa. Mwishowe padre huitwa usiku wa manane, mgonjwa akiwa hajitambui, hawezi tena kuungama wala kupokea Komunyo. Wakati mwingine hukuta ameshafariki, na mpako hautolewi kwa marehemu. Kinachobaki ni kumwombea.

Jina lililoleta hofu

Wazee wengi bado huiita sakramenti hii "mpako wa mwisho". Jina hilo lilitokana na mpangilio wa mipako: Mkristo hupakwa mafuta katika Ubatizo na Kipaimara, kisha mpako wa ugonjwa hufuata baadaye. Lakini kwa karne nyingi ulitolewa zaidi kwa waliokaribia kukata roho, na neno "mwisho" likaeleweka kuwa mwisho wa maisha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirekebisha jambo hilo mwaka 1963, ukasema jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si sakramenti ya wanaokufa peke yao. Novemba 30, 1972, mwaka uleule Jimbo Katoliki la Singida lilipoanzishwa, Papa Paulo VI alitoa utaratibu mpya unaotumika hadi leo.

Kwa utaratibu huo, anayestahili ni muumini aliyefikia umri wa kutambua mema na mabaya, ambaye ugonjwa mzito au uzee umeanza kumweka hatarini. Mafua ya siku mbili hayahusiki. Anayesubiri upasuaji mkubwa anaweza kupakwa, na vivyo hivyo mzee aliyedhoofika hata kama hana ugonjwa maalumu. Aliyepona akiugua tena, au hali yake ikizidi kuwa mbaya, hupakwa tena.

Mafuta, stola na pamba

Mafuta ya wagonjwa hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, Alhamisi Kuu au siku iliyo karibu nayo. Kwa kawaida ni ya mzeituni, lakini tangu 1972 Kanisa linaruhusu mafuta mengine yatokanayo na mimea pale ambapo mzeituni ni shida kupatikana. Kwa mkoa unaosifika kwa alizeti, ruhusa hiyo si ngeni kueleweka. Hata hivyo, mafuta ya jikoni hayawi ya sakramenti mpaka yabarikiwe, na anayepaka ni padre au askofu tu. Katekista anaweza kusali na mgonjwa, lakini hawezi kutoa mpako.

Padre hupaka paji la uso na mikono. Stola ni alama kwamba anatoa huduma ya Kanisa. Ya zambarau, rangi ya toba, huivaa anapoungamisha.

Sakramenti ya anayekaribia kufa ni nyingine: Komunyo iitwayo pamba ya safari. Pamba hapa si zao la shambani, ni neno la zamani lenye maana ya chakula cha njiani.

Dozi iendelee

Mpako hauchukui nafasi ya hospitali. Kanisa lenyewe linaendesha hospitali mkoani hapa, zikiwamo za Makiungu wilayani Ikungi na Mtakatifu Gaspari Itigi. Mgonjwa wa kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu au anayetumia ARV aendelee na dozi yake baada ya kupakwa, mpaka daktari aseme vinginevyo. Mafuta hayo si ya kunywa wala ya kupaka kidonda.

Maandalizi nayo yana upande wa afya. Nyumbani huandaliwa meza yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Wodini, mshumaa usiwashwe karibu na oksijeni. Aliyekatazwa kula na kunywa kabla ya upasuaji, au anayepaliwa, padre aambiwe mapema kabla ya Komunyo. Kupakwa mafuta hakuhitaji kumeza chochote. Kama paji la uso lina jeraha, sehemu nyingine ya mwili inaweza kupakwa. Ugonjwa ukiwa wa kuambukiza, muuguzi aeleze tahadhari zinazotakiwa.

Kila Februari 11, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, parokia nyingi huwakusanya wagonjwa na wazee kwa Misa na mpako. Wengi wao hurudi nyumbani kwa miguu yao.

Familia yenye mgonjwa inaweza kumuuliza mapema, angali na nguvu za kuzungumza, kama angependa padre aje, kisha itoe taarifa kwa mwenyekiti wa jumuiya au katekista wa kigango. Swali hilo likiulizwa mchana, kwa utulivu, halimtishi mgonjwa kama kumwona padre akiletwa mbio usiku.